Siku Niliyofukuzwa Msituni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa mtaa wa Buyenzi, nimeolewa Buyenzi, barabara tatu kutoka kwa mama yangu. Siku ya harusi gari lililonibeba lilizungushwa mjini mara mbili ili watu wasicheke kwamba bibi harusi angeweza kwenda kwa miguu. Cherehani yangu iko kibarazani. Wateja wananijia hapo, habari zinanijia hapo, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wanapita hapo kwenye beseni kichwani kwa mwenye kuuza. Ziwa lenyewe, ambalo watu wanatoka nchi za mbali kulitazama, naliona nikialikwa kwenye harusi za ufukweni, na hata huko natafuta kiti cha kuligeuzia mgongo, kwa sababu upepo wake unaharibu mtandio.

Kwa hiyo binti yangu aliposema anataka kazi ya kuongoza watalii msituni, kusini kabisa, kwenye pwani ile ya ziwa unapokaribia Nyanza-Lac, nilidhani ananitania. Katika familia yetu kutaniana ni kama kusalimiana. Nikamwambia akitaka kutazama wanyama kuna mbuzi wa jirani, hawana kiingilio. Hakucheka. Alikwenda, akakaa miezi sita kwenye mafunzo, akarudi na misuli ya miguu kama ya mwendesha baiskeli, na tabia ya kusimama ghafla uani kusikiliza ndege.

Mafunzo yalikuwa yamekwisha, ukabaki mtihani. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, wanaoitaka wawili. Mkuu wa walinzi wa msitu ule alikuwa ameweka masharti yake kwenye karatasi: kila mmoja alete wageni wanne ambao hawajawahi kuingia msitu ule, awaongoze kwa miguu, awaoneshe kima, na wageni wawatazame kima hao kwa dakika tano nzima bila kelele. Mkuu alikuwa akisema kwamba anayeweza kunyamazisha watu wanne kwa dakika tano anaweza kuongoza hata mia. Kijana mwenzake alikuwa amekwisha kuleta wageni wake na kufaulu. Binti yangu alikuwa na muda mpaka Jumamosi. Jumamosi ikipita, nafasi ni ya yule kijana.

Wageni alikuwa nao. Walikuwa watu wa ofisi moja kule Kigobe, wamevaa vizuri, wanasema Kifaransa cha puani, wamemwahidi kwa wiki tatu. Ijumaa alasiri walimpigia simu: hawaji, gari lao halina mafuta. Hilo kwa mji wetu siku hizi halijibiki. Ukimwambia mtu huna mafuta ya gari ni kama kumwambia kuna msiba, anakupa pole na mazungumzo yanakwisha.

Nilikuwa natia pindo gauni la mtu. Akaja kusimama mbele ya cherehani mpaka kivuli chake kikaniziba uzi.

"Mama, kesho munaenda na mi."

"Nani hao?"

"We na papa. Na mama mukubwa. Na bwana yake, juu yeye iko na gari."

"Na mafuta?"

"Iko nayo. Ameficha bidoni chini ya kitanda. Mama mukubwa ameniambia."

Nikamwambia nina magauni matatu ya kumaliza. Nikamwambia mguu wangu wa kushoto unavimba. Nikamwambia watu wa kutazama kima ni watu wa Kiriri, wenye magari marefu na kofia, si mafundi wa Buyenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijui aliitoa wapi, kwa sababu kwetu hakuna mwenye sauti ndogo:

"Mama, kama apana, mi nimekwisha."

Basi. Gauni la mtu likabaki na pindo la upande mmoja.

Jioni ile alitukusanya wote wanne akatupa sheria kama mwalimu. Msivae rangi kali. Msijipake manukato. Viatu vya kufunga. Msituni hamna kusema, hamna kuita, hamna kupokea simu. Dada yangu mkubwa, ambaye mimi namwita yaya na yeye ananiita mdogo wangu hata mbele ya wateja wangu, alitikisa kichwa kwa kila sheria kama aliyekuwa akiijua tangu utotoni.

Asubuhi baada ya sala ya alfajiri akatokea amevaa kitenge cha njano chenye michoro ya mikufu mikubwa ya bluu, na nyuma yake harufu ya udi ikaingia uani dakika nzima kabla ya yeye kufika.

"Mama mukubwa!" binti yangu akashika kichwa.

"Nini? Sikujipaka kitu. Ni nguo tu nimefukiza. Unataka niende kwa watu nanuka jiko?"

"Hatuendi kwa watu. Tunaenda kwa nkende, wale kima."

"Ata nkende ni wageni wake Mungu," yaya akasema, akapanda mbele.

Shemeji, mume wake, ni fundi wa magari, na kama mafundi wote gari lake mwenyewe ndilo bovu kuliko yote. Tena hajiamini nalo. Kila baada ya kilima anasimama, anazima, anasikiliza, anawasha. Bidoni la mafuta ya akiba hakulitaka nyuma, anaogopa litaibwa kwenye vizuizi, akaniwekea mimi katikati ya miguu. Nyuma kulikuwa kumejaa. Majirani waliposikia tunaelekea kusini hawakuuliza tunakwenda kufanya nini, kila mmoja alileta kidumu kitupu tumletee mawese. Mwenzetu wa nyumba ya tatu alileta viwili, na mfuniko mmoja. Vidumu hivyo vilipiga ngoma mpaka Rumonge. Mimi nilikuwa nimeshika chapati kwenye kitambaa, nimebana mafuta kwa magoti, navuta petroli na udi kwa pamoja, na upande wangu wa kulia ziwa linang'aa kwa urefu wote wa njia kama mtu anayesubiri umsifie. Sikulisifia.

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa binti yetu, amefurahi. Yule mtu anafurahia chochote kinachosogea.

"Tazama milima ya Kongo ile, mama watoto!"

"Nimeiona."

"Hujageuka."

"Nimeiona mwaka uliopita."

Binti yangu aliketi katikati yetu na karatasi ya masharti kwenye mapaja, anaisoma na kuikunja, anaisoma na kuikunja. Mara nilipotaka kulalamika juu ya mguu niliona vidole vyake, nikanyamaza. Kwa muda mfupi. Nakiri kwamba kuanzia Magara nililalamika juu ya mguu.

Tulifika saa nne na nusu. Msitu nilikuwa nimeutarajia kama pazia kubwa, lakini ulianza tu, bila adabu, mwisho wa mashamba ya michikichi: kibanda cha walinzi, mti wa kuzuia magari, na pembeni meza ya mama mmoja anayeuza ndizi mbivu. Mkuu wa walinzi alikuwa mtu mwembamba mwenye ubao wa kuandikia na penseli nyuma ya sikio. Alisalimia kwa kidevu. Akapita mbele yetu, mmoja mmoja, akasimama kwa yaya, akavuta pumzi.

"Nani amevaa harufu?"

Yaya akanyanyua mkono kama darasani.

Akaletewa shati la kijani la mlinzi, kubwa, la mikono mirefu, akaambiwa alivae juu ya kila kitu na alifunge mpaka shingoni. Dada yangu, ambaye hawezi kwenda dukani kununua chumvi bila kubadilisha mtandio, akaingia msituni anafanana na gunia la mkaa. Ningecheka zaidi, ila mimi nilikuwa nimevaa kandambili. Viatu vyangu vya kufunga vya pekee ni vya harusi. Mkuu alivitazama vidole vyangu, akaandika kitu.

Tukaingia. Binti yangu mbele, mimi nyuma yake, yaya, shemeji, mume wangu, na mkuu mwisho kabisa na penseli yake.

Naomba niseme ukweli juu ya kutembea msituni, kwa sababu wanaousifu hawausemi. Msituni hakuna pa kukaa. Kuna mizizi iliyotegwa kwa ustadi kwenye usawa wa kidole gumba. Kuna majani yanayolia chini ya mguu wako na hayalii chini ya mguu wa mwenzako. Joto linakuwa la majimaji, kama uko ndani ya sufuria na mtu amefunika. Na wale siafu, Mungu anisamehe, walipanda kwa utulivu mpaka ndani ya shumizi yangu, wakasubiriana, wakauma wote kwa pamoja. Nikaruka. Binti yangu akageuka na kidole mdomoni. Mtoto niliyemfunza kula, ananinyamazisha kwa kidole! Nikajikung'uta kimyakimya nyuma ya mti, na mkuu akageuza uso upande mwingine kwa heshima, halafu akaandika.

Lakini pia niliona kitu ambacho sikukipenda. Niliona kwamba anajua. Alikuwa anakwenda kama mtu anayepita sebuleni kwake gizani. Anasimama, anasikiliza, ananyoosha mkono, sisi wote tunasimama. Anaokota tunda lililotafunwa, analinusa, anabadili njia. Nyumbani ni mtu wa kuvunja vikombe. Nilimtazama mgongo nikajiuliza huyu ni binti wa nani.

Mara ya kwanza kima walikimbia kwa sababu ya mume wangu. Juu matawi yalikuwa yameanza kutikisika, binti yangu amekwisha kuinua mkono, tukakutana na akina mama watatu wakivuka njia na vikapu vya chikichi kichwani. Sasa mume wangu, mtu akimpita bila kumsalimia hasikii raha siku nzima.

"Amahoro!" akaita, sauti ya sokoni.

Wakajibu. Akauliza habari za nyumbani. Wakajibu. Akauliza watoto, mavuno, mvua. Walipofika kwenye bei ya mawese, matawi yalikuwa yametulia na mkuu yuko kwenye mstari wa tatu wa karatasi yake.

"Papa," binti yangu akanong'ona, macho yamejaa, "nilisema apana kusema."

"Sasa niwapite kama mbwa?"

Tukaendelea. Saa nzima nyingine. Nilichukia msitu ule kwa kila hatua na niliuomba kwa kila hatua utupe kima hata mmoja, hata mzee, hata kilema. Nilianza kuwatafuta kwa bidii kuliko ninavyotafuta sindano iliyodondoka. Kila jani lilikuwa mkia.

Halafu binti yangu akasimama, akachuchumaa, akatuvuta chini kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaonesha juu.

Walikuwapo. Kumi, labda na zaidi, kwenye mti mmoja wenye matunda, weusi-kijivu, mashavu ya manyoya, mikia imening'inia kama kamba za nguo. Wanakula. Wanatema maganda. Mmoja anamtafuta mwenziwe chawa kwa uso wa mama mwenye nyumba. Nyuma yangu nikasikia saa ya mkuu ikibonyezwa: tiki.

Binti yangu akanigeukia. Alinitazama tu, na uso wake wote ulikuwa umefunguka kama ulivyofunguka siku aliyoleta cheti cha sekondari. Ndiyo ameweza. Mwanangu ameweza.

Kwetu Buyenzi mtoto akifaulu, mama hangojei majirani waulize. Kinatoka chenyewe. Sijawahi kukiamua, kama ambavyo mtu haamui kupiga chafya. Ulimi wangu uliinuka, mkono ukaja mdomoni, na nikapiga kigelegele cha kufungua mtaa.

Tena kirefu. Nina pumzi nzuri.

Mti ulilipuka. Sina neno jingine. Kima walitawanyika pande zote, ndege wakaruka, kitu kizito kilidondoka mbali huko chini, na yaya, ambaye ni mtu wa mwitikio, akaitikia kigelegele cha pili kabla ya kujua kinachosherehekewa. Halafu kimya. Hata wadudu walinyamaza.

Mkuu akasoma saa yake.

"Dakika moja na nusu."

Binti yangu alikuwa bado amechuchumaa, mkono bado uko juu unaonesha mti mtupu. Akaushusha polepole.

"Mama," akasema. Tu hivyo. Nimepigwa na mama yangu, nimetukanwa na wateja, nimekosana na mume wangu kwa miaka, hakuna aliyewahi kuniambia neno zito kama lile.

Tulirudi langoni bila mtu kumwangalia mwenziwe. Nilitembea mwisho, nyuma hata ya mkuu, na kandambili zangu zilipiga pa, pa, pa kama zinanizomea.

Langoni yaya akavua lile shati akaanza kumbembeleza mkuu. Dada yangu anajua kubembeleza, ameuza vitenge miaka ishirini. Akamwita chef kama mkubwa wa ofisi, akamwita baba, akamwita mtoto wa mama. Akamwambia mdogo wake amekuwa hivi tangu kuzaliwa, ni mdomo tu, moyo ni mzuri. Shemeji akatoa hoja kwamba dakika moja na nusu mara wanne ni dakika sita. Mkuu alisubiri wamalize.

"Masharti ni masharti," akasema. "Lakini siku haijakwisha. Mi natoka hapa saa kumi. Kama iko na wageni wanne, arudi. Wanne ambao hawajaona mule." Akawaza. "Hao watatu hawakuona sana, walikuwa chini. Nitawakubali." Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio, akanielekezea mimi. "Huyu mama, apana."

Nimefukuzwa. Mimi, ambaye nilikuwa nimetafuta sababu za kutoingia tangu jana, niliposikia sitaingia, nikaanza kubembeleza kuliko yaya. Nikasema sitafungua mdomo, nitaufunga na kitambaa. Binti yangu hakuniangalia. Alikuwa anahesabu kwa macho: papa, mama mkubwa, bwana wake. Watatu. Na saa ilikuwa nane kasoro. Barabarani hapakuwa na mtu ila yule mama wa ndizi.

Nikamwendea. Ilinibidi niwe na faida.

"Dada, umewahi kuingia mule ndani?"

"Mule?" Akacheka mpaka ndizi zikatikisika. "Mi nazaliwa hapa, nitatafuta nini mule?"

"Kutazama kima."

"Niende kuwaangalia wezi wangu kwao? Kila wiki wanakuja hapa kuniibia, na bado niende niwasalimie?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni mtoto wangu, ni kazi yake, na mimi ndiye niliyemharibia. Alinitazama kichwa mpaka kandambili.

"Ni weye umepiga ile makelele?"

"Ni mimi."

"Nimesikia. Nilifikiri kumeolewa mutu." Akafikiri, akajifuta mikono. "Sawa. Naenda. Lakini we unachunga ndizi zangu. Fimbo ni hii. Wale wajinga wakitokea, piga kelele kama ile ile, watakimbia."

Akaenda. Nikawaona wakiingia, wanne, yaya ndani ya lile shati la kijani tena, binti yangu mbele na mkuu nyuma, na binti yangu akageuka mara moja, si kunitazama mimi, kutazama jua liko wapi.

Nikabaki. Mimi na meza ya ndizi, na fimbo, na mguu uliovimba, umbali wote ule kutoka kibarazani kwangu. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na watu wa Kigobe na gari lao. Na mkuu na penseli yake. Nchi nzima ina kazi za ofisini, za dukani, za hospitalini, mwanangu ameona akachague hii ya kuomba wanyama wajitokeze. Lakini hasira yangu kubwa ilikuwa kwa ulimi wangu mwenyewe, nao nilikuwa nimekaa nao mahali pamoja bila njia ya kuuacha. Nikasikiliza msitu. Nilijua kwamba nisiposikia kitu ni vizuri. Kwa hiyo nikakaa nasikiliza kutosikia kitu, na ni kazi ngumu kuliko inavyosemwa.

Saa tisa ikapita. Nikahesabu nilichobakiwa nacho: saa moja kasoro.

Wa kwanza alikuja kwa nyuma. Nilidhani ni jani. Halafu ndizi moja ya pembeni ikaondoka mezani, na nilipogeuka kulikuwa na mkono mdogo mweusi, wenye kucha kama zangu, unachagua ya pili.

Kima. Mmoja mezani, wawili chini, mmoja anashuka kwenye paa la kibanda na mtoto amemshika tumboni. Wakaja wengine. Walikuwa wanatoka mashambani, upande wa pili kabisa na ule walikoingia watu wangu. Nikaelewa: wote wako hapa. Binti yangu anazunguka msituni kuwatafuta, na wao wako hapa wananilia ndizi.

Nikashika fimbo. Nikaiacha. Nikipiga kelele wataondoka, na nani ajuaye wataelekea wapi. Nikienda kumwita mwanangu wataondoka vilevile. Simu yake ilikuwa imezimwa kwa amri yake mwenyewe. Hapakuwa na kitu ninachokiweza isipokuwa kile ambacho sijawahi kukiweza. Nikachukua ncha ya kitenge changu, nikaijaza mdomoni, nikauma.

Wakala. Walikula kwa dharau. Walikuwa wanamenya vizuri, maganda wanayaacha mapajani mwangu kama mimi ni sahani. Nzi akatua puani, nikamwacha. Mguu ukafa ganzi, nikauacha ufe. Yule mwenye mtoto akakaa kwenye ukingo wa meza, karibu hata ningeweza kumpima bega, akanitazama na macho ya rangi ya chai. Mtoto akatoa kichwa, akanitazama naye. Nilichukia kwamba walikuwa wazuri. Nilitaka sana kusema kitu, hata "karibu" tu.

Nikasikia, nyuma yangu kidogo, kijiti kikivunjika. Kisha hakuna. Sikugeuka, lakini nilijua kuna watu wamesimama kwenye mdomo wa njia. Walikuwa wamezunguka na kurudi. Nikasikia tiki ya ile saa, na pumzi ya mtu aliyekimbizana na siku nzima. Kisha sauti ya binti yangu, ile ndogo, ya chini kabisa:

"Musisogee. Mbele yenu ni kima. Munamuona mama na mutoto, pale mezani. Yule mukubwa wa kiume ni yule anayechunga, juu ya paa." Kisha akaongeza: "Na ile kubwa ya katikati, yenye kitenge mudomoni, ni mama yangu. Miaka ishirini na miwili, mi mwenyewe ndio mara ya kwanza kumuona amenyamaza."

Nikasikia yaya akikohoa cheko ndani ya mtandio. Hakuna aliyesalimia. Hakuna aliyepokea simu. Mume wangu, nilikuja kuambiwa, alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Na mimi nilikaa. Dakika tano za cherehani zinapita bila kuziona, dakika zile zilipita moja moja, zimevaa viatu vizito. Mate yalilowesha kitenge mpaka kidevuni. Ndizi zilikuwa zinakwisha, na nilianza kuogopa kwamba zitakwisha kabla ya dakika. Ya mwisho walikuwa wanaigombania wawili.

"Imetosha," mkuu akasema.

Nikatema kitenge. Kima wakaondoka wenyewe, bila haraka, kwa sababu mezani hapakuwa tena na kitu.

Kukawa na mabishano, bila shaka. Mkuu alisema yeye alifikiria msituni, na hapa ni langoni. Binti yangu akafungua karatasi aliyoikunja mara mia, akamwekea mbele. Ilisema wageni wanne, kima, dakika tano, bila kelele. Haikusema wapi. Mkuu aliisoma kama mtu anayesoma barua ya mwingine, akaigeuza nyuma, akairudisha. Akatoa penseli nyuma ya sikio.

"Sitabadilisha masharti jua limeshuka," akasema, akaandika. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi iko wageni wanakuja, watu sita. Leo unalala hapa. Chumba ni kile."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku nzima nilikuwa nimeomba apate, na sikuwahi kufika kwenye neno la pili, kwamba akipata habaki na sisi. Nilifikiri, kama ningepiga kelele kama nilivyoambiwa na mwenye ndizi, sasa hivi tungekuwa sote watano garini tunagombana.

Mwenye ndizi mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya meza tupu na mikono kiunoni.

"Nilikuambia upige makelele."

"Uliniambia."

"Na weye unajua kupiga."

Nikamlipa ndizi zote na maganda. Alikuwa na haki, nami nilitaka aniseme vizuri, maana kuanzia kesho ndiye jirani wa mwanangu.

Shemeji akawasha gari, akazima, akasikiliza, akawasha. Binti yangu alikuja dirishani kwangu, amevaa lile shati la kijani aliloliacha yaya, limejaa udi. Alikuwa ananuka kwetu. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, juu ya neti, maji ya kuchemsha, na chapati zilizobaki, na yote niliyasema, nikayarudia, kwa sababu mdomo ulikuwa umefungwa muda mrefu na una madeni yake.

"Mama," akanikatiza, anacheka, "utakuja tena kunitembelea?"

Nikatazama ule msitu, mizizi yake, siafu wake, nikaona sina sababu ya kumdanganya mtoto siku kama ile.

"Kutembelea, nitakuja," nikasema. "Kuingia mule, sirudi tena."

"Afazali," akasema mkuu wa walinzi, kutoka kibandani, kabla binti yangu hajafungua mdomo.